Nimekataa cheo cha kanda ili nibaki na familia na kwaya. Ukoo umenigeukia. Kwa Mkristo, nani anatangulia?

#1 Mhasibu wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa uzito wake.

Ni mhasibu kwenye kampuni binafsi, tawi la Mbeya. Hivi karibuni niliitwa makao makuu Dar nikakabidhiwa barua: msimamizi wa hesabu wa kanda tatu. Mshahara zaidi ya mara mbili ya ninaopata sasa, gari la kazini, pango wanalipa wao. Masharti: wiki tatu za kila mwezi uko njiani unakagua matawi, na wakati wa kufunga hesabu hakuna cha Jumapili.

Nilirudi nyumbani, watoto walipolala tukakaa mezani mimi na mke wangu na daftari. Upande mmoja tukaandika fedha itakayoongezeka. Upande wa pili tukaandika kazi za nyumbani ambazo zinanitegemea mimi. Mke wangu ni muuguzi wa hospitali ya serikali, ana zamu za usiku. Binti yetu wa pili ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mnaoijua Mbeya mnajua baridi ya mwezi wa Sita na wa Saba. Maumivu humwanza usiku: anashika goti, yanapanda mgongoni, mwishowe hawezi kujinyoosha. Mama yake akiwa zamu, mimi ndiye ninayepasha maji, ninayempa dawa na kumnywesha maji kidogo kidogo, na yakizidi ninambeba mgongoni tunatafuta usafiri. Upande ule wa daftari ukajaa, tukafungua ukurasa mwingine.

Tena nafundisha kwaya ya vijana ushirikani (Moravian). Wengi wao hawana baba nyumbani. Hilo nalo tuliliandika.

Tukaomba, nikaandika barua ya kukataa kwa heshima. Kaka yangu mkubwa alipopata habari alinipigia akasema nimewakata mikono wadogo zangu wawili walioko chuo. Shangazi anasema nimerogwa na mke wangu. Mama yangu aliuliza kitu kimoja tu: "Uliomba kabla ya kuandika?" Nikasema ndiyo, akanyamaza.

Mimi msimamo wangu ninao: Mungu kwanza, nyumba yangu pili, kazi baadaye. Ninachouliza ni hiki: Maandiko yakisema "walio wako", ni mke na watoto tu au ni ukoo mzima?

#2 Kiti Moto Mkavu
Nimeshaweka mkeka. Leteni hoja.

#3 Mzee wa Mwanjelwa
Kijana, umenibariki. Mathayo 6:33: "Bali utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake, na hayo yote mtazidishiwa." Watu tunaikariri tangu Shule ya Jumapili, lakini ikija barua yenye gari na nyumba ndani yake, hatukumbuki hata ukurasa. Na Mithali 15:17: "Chakula cha mboga penye mapendano; ni bora kuliko ng'ombe aliyenona pamoja na kuchukiana." Kula mboga zako na mkeo.

#4 Chuma cha Reli
Mleta uzi, nakuheshimu lakini sikubaliani na wewe. Kwanza, mtoto wa selimundu anaumizwa na baridi, umekiri mwenyewe. Dar kuna joto mwaka mzima na Muhimbili ipo. Ungemhamishia huko ungekuwa umemsaidia. Pili, 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza walio wake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Kutunza ni ada, bima, kodi ya nyumba na chakula. Hivyo havilipwi kwa nyimbo za kwaya. Mnamtwisha Mungu maamuzi ya uoga.

#5 Muuguzi wa Zamu
Chuma, hapo kwenye hali ya hewa uko sahihi nusu. Baridi kweli huamsha maumivu. Lakini Dar kuna malaria, na malaria kwa mtoto wa selimundu ni hatari kubwa. Mbeya nayo ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda, si kwamba wako porini.

Kinachomlinda mtoto huyu zaidi ni mtu anayemjua. Asidi ya foliki kila siku, haidroksiyurea (dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu) kama daktari amemwanzishia, maji ya kutosha, nguo za joto, chanjo zote. Na mtu wa kuona haraka: homa ikipanda usisubiri asubuhi, akipumua kwa shida usisubiri, tumbo upande wa kushoto likivimba ghafla na mtoto akapauka, kimbia, hiyo inaweza kuwa bandama. Nimepokea watoto waliochelewa kwa sababu waliachwa na dada wa kazi wa miaka kumi na sita aliyedhani ni mchango wa tumbo wa kawaida. Binti wa watu hakuwa na kosa, hakuna aliyemfundisha.

#6 Mama wa Mitumba Kariakoo
Bwana Yesu asifiwe. Mimi nataka tuache kuufanya ufukara kuwa utakatifu. Ibrahimu alikuwa tajiri. Ayubu alikuwa tajiri, akanyang'anywa, akarudishiwa maradufu. Kumbukumbu la Torati 8:18, Mungu "ndiye akupaye nguvu za kupata utajiri". Sasa Mungu amekufungulia mlango, wewe unaufunga halafu unasema umemtanguliza Mungu. Umejuaje kwamba hiyo barua haikuwa jibu la maombi ya mama yako?

#7 Mzee wa Mwanjelwa
#6 mama yangu, soma sura hiyo ya 8 kuanzia mstari wa 11. Inaonya watu watakaokula wakashiba, wakajenga nyumba nzuri, ng'ombe na fedha zikaongezeka, wakamsahau Bwana. Huo mstari wako wa 18 uko ndani ya onyo.

#8 Mama wa Mitumba Kariakoo
Nimesoma mzee, asante. Lakini onyo ni la kusahau. Hakuna mahali palipoandikwa usijenge.

#9 Mtoto wa Mwinjilisti
Nimesoma uzi wote mpaka hapa na naona mmeweka "imani na familia" upande mmoja, kazi upande mwingine. Kwetu haikuwa hivyo. Baba alikuwa mwinjilisti. Hakuwahi kuwa na fedha za kumtenga na sisi. Kanisa ndilo lililomtenga. Jumatatu wagonjwa, Jumanne ibada ya nyumba kwa nyumba, Jumatano mafundisho ya Biblia, Alhamisi kwaya, Ijumaa mkesha, Jumamosi harusi au msiba, Jumapili tangu alfajiri. Watoto wa wengine waliombewa wakawekewa mikono kichwani. Mimi nilipofeli mtihani aliambiwa na mwalimu mkuu wiki mbili baadaye, barabarani.

Sijawahi kumchukia. Alikuwa mtu wa Mungu kweli na watu wengi wanasimama leo kwa sababu yake. Lakini mleta uzi, hiyo kwaya ya vijana wasio na baba, angalia isije ikawapa wao baba ikawanyang'anya wako.

#10 Mhasibu wa Uyole
#9 asante sana kaka. Mazoezi ni mara mbili kwa wiki na binti yangu mkubwa anaimba humo humo sauti ya pili. Lakini nimelichukua.

#4, kazi ile si ya kukaa Dar. Dar ningelala wiki moja kwa mwezi. Familia ingebaki Mbeya, kwa sababu mke wangu aliomba uhamisho zamani na hajajibiwa; na hata ingehamia Dar, ingekaa bila mimi.

#11 Msambaa wa Bumbuli
#9 umenikumbusha Eli. Kuhani mkuu, anamfundisha Samweli sauti ya Mungu, huku Hofni na Finehasi wanakula sadaka kwa nguvu. 1 Samweli 3:13 inasema wanawe walijiletea laana "wala yeye hakuwazuia". Tena Samweli mwenyewe aliyeyaona yote hayo, watoto wake Yoeli na Abiya wakaja kula rushwa kule Beer-sheba. Na Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyejua kusimamia nyumba yake mwenyewe atalitunzaje Kanisa la Mungu. Kwa hiyo nyumba ndiyo mtihani wa kwanza wa mtumishi.

#12 Katekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. #11 ni kweli, ila usimweke Samweli na Eli kapu moja. Eli alihukumiwa, Samweli hakuhukumiwa kwa ajili ya wanawe. Mzazi anaweza kutimiza wajibu na mtoto akapotea kwa hiari yake.

Kwa Wakatoliki jibu la mleta uzi liko wazi: Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani. Baba anayempasha maji binti yake usiku yuko kwenye huduma. Hahitaji kuchagua kati ya Mungu na mtoto hapo.

Kuhusu kazi, wakumbukeni mashahidi wa Uganda. Vijana wengi wa kundi lile walikuwa watumishi wa jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Enzi hizo kukaa pale ndiyo ilikuwa njia ya kupata uchifu na ardhi. Karoli Lwanga alikuwa kiongozi wao. Waliambiwa waache sala wabaki na nafasi zao. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo. Ndiyo maana mahujaji kutoka huku kwetu bado wanatembea kwa miguu kwenda huko kila mwaka.

#13 Chuma cha Reli
Mzee #12, mashahidi walitishwa kifo. Mleta uzi alitishwa na mshahara mzuri. Havilingani.

#14 Katekista Mstaafu
Mwanangu, kifo kinamtisha mtu mara moja tu. Mshahara unamrudia kila mwisho wa mwezi.

#15 Binti wa Kigoma
Naomba na mimi nisikilizwe. Baba yangu alikataa kuhamia Mwanza kwa cheo kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa na wazazi wake walikuwa hai pale kijijini. Watu walimsifu hivi hivi mnavyomsifu mleta uzi. Tulikuwa saba. Dada yangu wa kwanza alichaguliwa kidato cha kwanza, sekondari ya bweni, wakati ambao elimu bila ada ilikuwa bado haijaja (ile ilianza 2016). Ada ikakosekana, godoro likakosekana, sanduku likakosekana. Akakaa nyumbani mwaka, akaolewa. Alikuwa na akili kuliko sisi wote. Hesabu za sokoni zote anazifanya kichwani mpaka leo.

Baba alikuwa nyumbani kila jioni. Alitupenda, alituombea kwa majina. Sasa niambieni, alitanguliza familia au hakuitanguliza? Mimi mtu mzima na sijapata jibu. Nikisoma 1 Timotheo 5:8 moyo unaniuma.

#16 Mzee wa Mwanjelwa
Binti yangu, pole. Sina la kukujibu haraka.

#17 Mlokole wa Kamachumu
#15 pole dada. Nadhani tofauti ni kipimo. Kuna kukosa gari na kuna kukosa ada. Mhubiri anayemwambia asiye na ada aridhike anafanya dhambi. Anayemwambia mwenye ada, bima na nyumba aridhike, huyo anasema kweli: 1 Timotheo 6:6, utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki waliliishi hili. Ulitokea Gahini, Rwanda na Uganda, miaka ya 1930, ukaingia kwetu Bukoba. Simeoni Nsibambi, mmoja wa vyanzo vyake, alikuwa na kazi nzuri katika serikali ya Kabaka akaiacha akawa anahubiri. Alikutana na daktari Joe Church pale Namirembe mwaka 1929, na mengi yalianzia kwenye maombi yao. Bibi yangu alisimulia jinsi waliookoka walivyorudisha vitu walivyoiba kazini, jembe, sahani, fedha za serikali. Wazungu wa kahawa walishangaa.

Ila Nsibambi alikuwa na mashamba ya urithi ya kuilisha nyumba yake. Hilo wahubiri hawalitaji.

#18 Mkimbiaji wa Mbulu
Mfano bora ni Eric Liddell, Mskochi. Olimpiki ya Paris 1924 alikuwa tegemeo la Uingereza mita 100. Akiwa melini kwenda Ufaransa akaambiwa mchujo ni Jumapili, akakataa kukimbia. Akahamishiwa mita 400 na akashinda dhahabu. Mtangulize Mungu naye atakutanguliza.

#19 Mwalimu wa Historia Songea
#18 karibu sawa, ila rekebisha mambo mawili. Hakuambiwa melini; hiyo ni chumvi ya filamu ya Chariots of Fire. Ratiba aliijua miezi kadhaa kabla, akajitoa, na muda huo akautumia kujinoa kwa mita 400. Alishinda kwa sekunde 47.6, na mita 200 alipata shaba. Mbio za kupokezana vijiti nazo aliziacha kwa sababu hiyo hiyo ya Jumapili. Kwa hiyo alikataa na akafanya mazoezi. Hakukaa akisubiri muujiza.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 1925 aliacha umaarufu wote akaenda China alikozaliwa, kuwa mwalimu na mmisionari. Vita ilipokaribia, mwaka 1941 alimpeleka mkewe mjamzito na binti zao wawili Kanada, yeye akabaki na kazi yake. Wajapani wakamfunga kambi ya Weihsien, akafa humo Februari 1945 kwa uvimbe wa ubongo. Binti wa tatu hakumwona kabisa. Sasa huyo ni mfano wa kutanguliza imani NA familia, au imani JUU ya familia? Yesu mwenyewe amesema apendaye baba au mama kuliko mimi hanistahili, na apendaye mwana au binti kuliko mimi hanistahili. Mathayo 10:37. Mnairuka kila siku.

#20 Mkimbiaji wa Mbulu
Asante mwalimu. Ile ya mkewe nilikuwa siijui. Imenikaa.

#21 Mtoto wa Mwinjilisti
#19 na huku kwetu tuna Livingstone. Watoto wa Ujiji wanafundishwa alipokutana na Stanley 1871. Hawafundishwi kwamba mwaka 1852 alimpandisha mkewe na watoto melini Cape Town kuwarudisha Uingereza, na watoto wakakua bila yeye. Mwanawe mkubwa Robert akaishia kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, akafa 1864. Mke alipomfuata tena, alifia Shupanga kwenye mto Zambezi, 1862. Mungu ndiye mwamuzi wa mtumishi wake, siyo mimi. Lakini mtoto wa mtumishi naye ana la kusema.

#22 Mama Wawili
Mnaongea kana kwamba kazi ni ya baba tu. Mimi ndiye niliyeitwa kwenye cheo, mkurugenzi msaidizi, Dodoma. Mume wangu yuko Dar ana biashara. Kanisani kila mtu aliniambia nikatae, mke mwema wa Mithali 31. Nikawauliza, Mithali 31 mmeisoma? Yule mama anafikiri habari za shamba na kulinunua, anapanda shamba la mizabibu, anauza nguo, taa yake haizimiki usiku. Anafanya biashara kuliko wanaume wa humu.

Nilikubali. Mume wangu alisema nenda. Jumapili mbili kwa mwezi nipo Dar, nyingine wao wanakuja. Tangu treni ya SGR ianze 2024 inawezekana, kilomita mia nne na ushee kwa saa tatu na nusu hivi. Kabla ya hapo, basi lilikuwa linakula siku nzima. Siwezi kusema ni rahisi. Mdogo ananiita "mama wa simu". Lakini kaka mleta uzi, ungekuwa mwanamke hakuna ambaye angekupongeza kwa kukataa. Wangesema ni kawaida.

#23 Kiti Moto Mkavu
#22 SGR nauli sasa ni bei gani? Ilipoanza daraja la kawaida Dar–Dodoma ilikuwa elfu 31.

#24 Chuma cha Reli
Kata tiketi mapema mtandaoni, Ijumaa jioni inajaa. Na msipeleke uzi kwenye treni eti kwa sababu ya jina langu.

#25 Msabato wa Suji
Mleta uzi, Jumapili yako ni Jumamosi yangu. Nilikuwa kwenye taasisi moja ya fedha, sitaitaja. Sikuwahi kuingia kazini Sabato. Nilijitolea kufanya Jumapili na sikukuu zote badala yake, Krismasi kaunta ilikuwa yangu. Wenzangu niliowafundisha kazi wakapanda, mimi nikabaki pale pale. Niliuliza, nikajibiwa "upatikanaji wako". Nikaondoka nikafungua duka la pembejeo Same. Kipato kilishuka, kikapanda, kikashuka tena. Sitasema Mungu alinizidishia fedha, kwa sababu hakunizidishia. Jua likizama Ijumaa nyumba yote ipo mezani. Hilo nalo ni jibu la Mathayo 6:33, ila hatupendi kulihesabu.

#26 Wakili wa Mtaani
Niingize sheria kidogo maana watu wanakubali mambo yasiyo halali wakidhani ni kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Tanzania Bara: saa za kawaida ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku zisizozidi 6. Saa za ziada zisizidi 50 kwa kila wiki nne na zinalipwa mara moja na nusu. Mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo. Ukifanya kazi siku hiyo kwa makubaliano, malipo ni mara mbili. Likizo ya mwaka siku 28. Ubaguzi kazini kwa sababu ya dini umekatazwa. Mameneja wakubwa hawabanwi na baadhi ya vifungu vya saa, ndiyo maana makampuni yanapenda kumpa mtu jina la umeneja. Baba akipata mtoto ana likizo ya wiki mbili.

#27 Muuguzi wa Zamu
Wiki mbili wapi? Wakili, sheria hiyo hiyo inasema baba angalau siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama siku 84, mapacha 100.

#28 Mwana wa Voi
Wiki mbili ni huku kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007. Mama miezi mitatu. Nafikiri wakili alivuka mpaka wa Holili bila pasi.

#29 Wakili wa Mtaani
Sawa, ni siku 3, nilichanganya na majirani. Na kuna angalau siku 4 za malipo mtoto akiugua. Mleta uzi, hizo ni haki yako, uziombe kwa maandishi.

#30 Mlinzi wa Doha
Nawasoma kutoka Qatar. Huku ibada kubwa ni Ijumaa maana ndiyo mapumziko. Makanisa yote yapo eneo moja nje kidogo ya mji, Wafilipino, Wahindi, Wakenya, sisi. Ukiingia unasikia lugha kumi. Nilikuja kwa ajili ya familia. Nimejenga, watoto wanasoma shule nzuri. Mwanangu mdogo akiongea na mimi kwa video anamwangalia mama yake kwanza aambiwe aseme nini.

Usiniambie mimi sikutanguliza familia. Nilitanguliza kwa njia niliyokuwa nayo. Aliye na kazi Mbeya ana nafasi ya kuchagua. Sisi wengine hatukuwa na daftari la pande mbili.

#31 Binti wa Kigoma
#30 kaka, umesema nilichoshindwa kusema. Asante.

#32 Mama wa Mitumba Kariakoo
Jamani. Mungu akurudishe salama kwako.

#33 Msambaa wa Bumbuli
Turudi kwenye swali la #1, maana hakuna aliyeligusa: "walio wake" ni nani? 1 Timotheo 5, mstari wa 3 hadi wa 16, inahusu wajane. Mstari wa 4 unasema wajane wenye watoto au wajukuu, hao ndio wajifunze kuwalipa wazazi wao. Kwa hiyo mstari wa 8 ambao Chuma anautumia kumpigia mwenye mke na watoto, kwa mazingira yake unamlenga zaidi mtu anayemtupa mama yake au bibi yake. Na Marko 7 Yesu anawakemea wanaosema "Korbani", mali yangu nimempa Mungu, ili wasimsaidie baba na mama. Mleta uzi, mama yako yupo. Hiyo kwaya isiwe Korbani yako.

#34 Mwalimu wa Historia Songea
#33 kwa mama umesema vema, lakini mstari wa 8 unaongeza "wale wa nyumbani mwake hasa". Na wadogo wawili wa chuo hawamo kwenye wajane. Mzigo wa wadogo ni desturi yetu, desturi nzuri, mimi mwenyewe nililipiwa na kaka. Tusiipachike tu kwenye Biblia. Kumbukumbu 24:5 nayo inamwachilia mume mpya mwaka mzima, asiende vitani wala asitwikwe shughuli, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Torati ilijua kwamba jeshi na kazi vitaimeza nyumba visipowekewa mpaka.

#35 Mlokole wa Kamachumu
Mwalimu, unatenganisha desturi na Maandiko kirahisi mno. Kwa Mwafrika ndugu yako NI nyumba yako. Aliyelipiwa ada na kaka akisema ada si ya Biblia, kaka atamwelewa vipi?

#36 Mwalimu wa Historia Songea
Atamwelewa kama yeye mwenyewe analipa wengine. Mimi nalipa wawili. Nasema nalipa kwa shukrani, siyo kwa mstari wa 8.

#37 Mhasibu wa Uyole
Nimesoma yote na mke wangu amesoma. Aliposoma #22 alinitazama sana.

Kuhusu wadogo zangu: mmoja ana mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa sehemu, mwingine alikosa. Nilichotoa mwaka jana nitaendelea kutoa. Nilichokataa ni nyongeza, sikuwanyima kile cha zamani. Kaka yangu anajua hivyo, ila yeye alishapiga hesabu za nyongeza kichwani kwake kabla sijakubali. Jumamosi nashuka Tukuyu kukaa naye, na daftari nitalibeba, kurasa zote mbili, aone kilichoandikwa.

#33, mama namtumia kila mwezi na atakuwepo kwenye hicho kikao. #25, maneno yako nimeyanakili.

#38 Muuguzi wa Zamu
Kabla hujaenda Tukuyu, angalia kadi ya binti kama chanjo ya nimonia imekamilika. Kule nako baridi ipo, kama unakwenda naye beba soksi za sufu na dawa ya maumivu iwe mfukoni, siyo kwenye begi lililo kwenye buti la gari.

#39 Mama Wawili
Na uhamisho wa mkeo msiuache. Aombe upya kwenye mfumo wa watumishi, aambatanishe cheti cha ndoa na barua ya daktari ya mtoto. Akipata wa kubadilishana naye kituo inakwenda haraka zaidi. Ila uhamisho wa kuomba mwenyewe hamlipwi gharama za kuhama.

#40 Chuma cha Reli
Swali la mwisho kwangu. Ulijaribu kuwaambia wakupe kanda moja badala ya tatu, Jumapili ubaki kwako?

#41 Mhasibu wa Uyole
Nilijaribu, kwa mdomo na kwa barua pepe. Walisema kanda tatu au basi.

#42 Chuma cha Reli
Basi kwa kampuni nimekuelewa, neno langu la uoga nalifuta. Kwa ukoo bado. Yule mdogo aliyekosa mkopo, ada ya muhula ujao inatoka wapi?